Likipotea, Sirudi

Watu wa Pande walimwogopa Mastura Likwata miaka mingi kabla ya kumwonea huruma, na huruma yenyewe ilipokuja aliifukuza mlangoni.

Kazi yake ilikuwa pweza. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali na miamba ikabaki wazi, wanawake wa kijiji hushuka na vijiti vyao kuchokoa mashimoni. Mastura alitangulia daima, na ole wake aliyetia kijiti katika shimo ambalo yeye amekwisha kulitolea macho. Mnunuzi mmoja kutoka Kilwa Masoko aliwahi kuikandamiza mizani kwa kidole. Mastura alimpiga kwa pweza mbichi usoni, mbele ya watu, na mnunuzi yule hakuonekana tena Pande.

Mumewe, Shamte, alikuwa seremala mwenye mikono mizuri na uvivu wa kuitumia. Nyumba waliyokaa ilijengwa kwa pweza wa Mastura, juu ya kiwanja alichoachiwa na baba yake. Kwa sababu hiyo Zuhura, dada mkubwa wa Shamte, aliyekaa ng'ambo ya pili ya njia, alikuwa na msemo wake: "Kaka yangu hakuoa. Kaka yangu ameolewa." Alikuwa akiusema kwa sauti, dirisha likiwa wazi. Mastura naye alikuwa akimjibu kwa sauti. Wifi hawa wawili waliishi hivyo miaka yote, kama moto na petroli.

Alasiri moja Mastura alirudi pwani, akaingia bafuni kujitoa chumvi mwilini. Mkono wake ukapita juu ya ziwa la kushoto na kukuta donge, gumu kama korosho iliyo katika ganda lake. Halikuuma. Kwa kuwa halikuuma, aliliacha. Msimu wa ufuta ukapita, donge likafika ukubwa wa ndimu, naye bado hakumwambia mtu.

Aliyetangaza ni Zuhura. Walikuwa harusini, wanawake wakibadili nguo chumba kimoja, kanga ya Mastura ikateleza. Zuhura akaona. Hakumvuta pembeni, hakunong'ona. Alisema kwa sauti ile ile ya dirishani: "Wifi! Ziwa lako limeota jiwe!" Ngoma za nje hazikutosha kuyafunika maneno yale. Hadi sala ya isha, hata waliokuwa hawajaalikwa harusini walikuwa wanajua.

Siku chache baadaye Shamte na dada yake wakaleta mganga kutoka Likawage. Mzee yule alikaa juu ya mkeka, akamtazama Mastura kwa muda, kisha akasema yale ambayo bila shaka alikwisha ambiwa na Zuhura: "Mdomo wake ndio uliomrudia. Maneno yote aliyowatupia watu yamekwenda kukaa kifuani." Akatoa wembe. Alitaka kuchanja chale juu ya donge ili maneno yatoke.

Mastura aliinuka, akachukua mkoba wa mganga, akautupa nje. Hirizi na mizizi vikatawanyika uani, kuku wakakimbia.

"Wembe wako kamchanjie mkeo," alimwambia. "Na wewe, Shamte, ukileta mwingine, nitamtupa yeye, si mkoba."

Naima, binti yao wa pekee, aliyekuwa akiuza katika duka la dawa Kilwa Masoko, alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo. Huyu alimjua mama yake. Hakubembeleza wala hakulia.

"Mama, vaa. Tunakwenda."

"Wapi?"

"Utaona tukifika."

Safari ile iliishia katika hospitali kubwa Dar es Salaam. Walimchoma sindano wakatoa kipande cha lile donge, wakakipima, na majibu yakatoka: saratani ya matiti. Haikuwa imeenda mbali, lakini donge lilikuwa kubwa.

Daktari aliyempokea aliitwa Faustino, mpasuaji, mtu mrefu mwenye uso wa uchovu. Alikuwa anaongoza utafiti, na alimweleza Mastura habari yake huku Naima ameketi pembeni.

"Mama, kuna dawa za mshipani na kuna kisu. Vyote viwili utavihitaji. Tusichokijua sawasawa ni kipi kitangulie kwa wanawake wanaokaa mbali na hospitali kama wewe. Kwa hiyo nusu ya wanawake wataanza kupasuliwa, kisha dawa. Nusu wataanza dawa, kisha wapasuliwe."

"Na mimi niko nusu ipi?"

"Kompyuta ndiyo itakayochagua."

"Kompyuta ina ziwa?"

Naima alimfinya mama yake pajani. Daktari hakucheka.

"Haina, mama. Ndiyo maana haina upendeleo. Nikichagua mimi, nitawapeleka wenye hali nzuri upande ninaoupenda, na mwisho nitajidanganya."

"Yaani mtanipigia kura kama fungu la dagaa."

"Una haki ya kukataa. Ukikataa utatibiwa vile vile. Ukikubali, unaweza kujitoa siku yoyote na hakuna atakayekunyima matibabu."

Mastura aliagiza karatasi ya ridhaa isomwe tangu mwanzo, kisha isomwe tena. Alikuwa anatafuta mahali wanapodanganya. Hakupaona, na kutopaona kulimzidishia hasira. Alikuwa karibu kukataa. Ndipo simu ya Naima ikalia. Alikuwa Shamte, ambaye watu wa barazani walikuwa wamekwisha kumweleza mambo ya majaribio.

"Nakukataza!" alisema, sauti ikitoka nje ya simu. "Mke wangu hawezi kufanywa sungura wa wazungu!"

Mastura alimtazama Daktari Faustino, aliyezaliwa Songea.

"Lete kalamu," alisema.

Baadaye, watu wakimuuliza kwa nini alikubali, alikuwa akijibu kwamba aliyemtilia saini ni Shamte.

Kompyuta ilimpeleka upande wa dawa kwanza. Wauguzi walimchora vitone vyeusi vya wino kuzunguka donge, vitone visivyofutika kwa maji, ili likinywea daktari ajue lilipokuwa. Kisha akalazwa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, akatundikiwa dripu. Moja ya dawa ilikuwa nyekundu kama maji ya rozela. Alipokwenda msalani mkojo ukatoka mwekundu, naye akapiga kelele wodi nzima ikasimama.

Kiti cha jirani alikaa Yustina, mwanamke wa Mingoyo aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga pale njia panda. Alikuwa mdogo kwa Mastura kwa miaka mingi, mwenye sauti ya chini, mtu wa kuitikia. Yeye alikuwa ameanza zamani, amebakiza dripu za mwisho, na donge lake halikuonekana tena kwa kushika. Kilichobaki kilikuwa kisu. Alikiogopa kiasi kwamba hakuweza kulitaja jina lake, alikuwa akisema "kile kitu."

"Da Mastura," aliuliza siku moja, "wewe utakubali kile kitu?"

Wodi ilikuwa imejaa, na Mastura alipenda kusikilizwa.

"Mimi? Donge langu likipotea, sirudi! Mtu hachinji mbuzi aliyekwisha kufa."

Wanawake walicheka, hata waliokuwa wameshika ndoo za kutapikia. Yustina alicheka kuliko wote. Muuguzi akageuka na kusema, "Mama, maneno hayo si ya mchezo."

"Cha mchezo ni kisu chenu," Mastura akajibu, na kicheko kikarudi.

Kila alipomaliza dripu alirudi Pande, akae mpaka ile nyingine. Huko ndiko vita vilikokuwa. Nywele zilitoka zote, kucha zikawa nyeusi, na harufu ya pweza, iliyomlisha maisha yake yote, ikawa inamtapisha. Zuhura alisikia habari za vile vitone vya wino akavipa maana: ni alama ya bidhaa iliyokwisha kuuzwa. Alisema Mastura ameuza mwili wake Dar, na akifa watakuja kuuchukua na gari. Wanawake waliokuwa wakimwogopa walipata sababu ya kumkwepa. Akichota maji kisimani, waliokuwa wakingoja walisogea mbali kana kwamba saratani inaruka.

Shamte alihamishia mto wake kwa dada yake. "Harufu ya dawa inaniumiza kichwa," alisema.

"Harufu ya kazi nayo ilikuumiza hivyo hivyo," Mastura alimjibu.

Donge, hata hivyo, lilikuwa linanywea. Lilitoka kwenye ndimu likawa korosho, likatoka kwenye korosho likawa kunde. Alipomaliza dripu zote alijipapasa bafuni, ndani ya vile vitone, akakuta nyama laini tu. Alikaa chini kwenye saruji iliyolowa akacheka peke yake.

Hapo kila mtu akadai ushindi. Zuhura alisema ni kombe la aya za Kurani alilokuwa akilitia kwenye mtungi wa maji bila Mastura kujua. Shamte alisema ni dua zake za msikitini, ingawa msikitini alikuwa haonekani. Mastura alisema ni yeye mwenyewe, mishipa yake mwenyewe, na matapishi yake mwenyewe.

Tarehe ya kupasuliwa ilifika. Hakwenda. Wakampa nyingine, hakwenda. Naima alipiga simu akasema, akasema tena, mwishowe mama yake akaizima. Korosho zikaiva, zikaokotwa, zikauzwa. Nywele zikaanza kuota, laini kama za mtoto, na Mastura akarudi miambani na kijiti chake.

Mvua za kwanza zilipoanza, gari jeupe lilisimama mbele ya nyumba yake. Daktari Faustino alishuka na muuguzi mmoja, viatu vikazama matopeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea njia?"

Ng'ambo ya njia Zuhura alikwisha kutoka nje, kanga mabegani, Shamte nyuma yake.

Daktari hakupewa kiti, akasema akiwa amesimama. "Dawa imeua kile ambacho mkono unakigusa. Kilichobaki mkono haukigusi."

"Wewe umekiona?"

"Sijakiona. Siwezi kukiona mpaka nitoe nikapime."

"Basi unabahatisha."

"Nawajua waliobaki nyumbani, mama."

"Wako wapi?"

"Siwezi kukutajia mgonjwa mwingine."

Mastura alimkazia macho. Alikuwa mfanyabiashara, alijua mtu anapoficha kitu kwenye mizani.

"Niambie jambo moja. Mimi nisiporudi, utafiti wako unaharibika?"

Daktari hakuficha. "Hauharibiki. Hilo nalo ni jibu. Mojawapo ya mambo tunayotafuta ni hili: tukitanguliza dawa, donge likapotea, ni wangapi watakaokataa kurudi."

"Kumbe!" Mastura alipiga kofi. "Kumbe toka siku ya kwanza ulikuwa unangoja nitoroke!"

"Nilikueleza, mama. Nilisema tunatafuta njia inayowafaa wanaokaa mbali."

"Ulisema kwa maneno yaliyopakwa mafuta! Umeniacha wazi kama kuku unayemtazama ataingia shamba gani, kisha unakuja kwangu kuniita mama!"

Uso wa daktari ulibadilika. Alikuwa amesafiri tangu alfajiri, na huenda haikuwa nyumba ya kwanza kumfukuza.

"Sikiliza basi bila mafuta," alisema. "Ukija, nitaandika umekuja. Ukifa, nitaandika umekufa. Sitaki kuandika hivyo, lakini nitaandika, kisha nitamwita mgonjwa anayefuata."

Muuguzi aliinamisha kichwa. Hata Zuhura alisema, "Astaghfirullah."

"Toka kwangu," Mastura akasema.

Gari likaondoka. Lakini lile neno halikuondoka nalo. Mastura alizunguka nalo ndani ya nyumba, akalipigia kelele, akalitukana, mwisho akapata dawa yake: atakwenda Mingoyo, amwone Yustina, mzima, anakaanga mihogo yake, kisha atampigia simu yule daktari na kumwambia yeye ni mwongo.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi barabara kuu, akasimamisha basi la kwenda kusini, akashuka Mingoyo. Pale njia panda meza ya mihogo ilikuwepo, lakini aliyekaanga alikuwa mwanamke mwingine. Mwanamke yule, alipoulizwa habari za Yustina, alinyoosha mwiko kuelekea nyumba iliyo nyuma ya maduka.

Mlangoni alikuta mwanamume aliyejitambulisha kuwa ni Andrea, kaka yake Yustina. Mastura alijitaja jina. Andrea akasogea pembeni ampishe, bila kumkaribisha.

Harufu ilimpokea kabla ya mgonjwa. Yustina alikuwa amelazwa kitandani, ubavu mmoja, amekuwa mdogo kama msichana. Donge lilikuwa limerudi mahali pale pale, halafu likapasuka lenyewe. Kitambaa kilichofunika kidonda kilikuwa kimelowa.

"Yustina, mwanangu," Mastura alianza.

"Usiniite mwanangu."

Sauti ilikuwa ya chini kama zamani, lakini haikuwa tena ya mtu wa kuitikia.

"Umekuja kunitazama? Nitazame basi. Si wewe uliyesema mtu hachinji mbuzi aliyekwisha kufa?"

Mastura alikitazama kile kitambaa kilicholowa.

"Neno lile nilikuja nalo hapa. Daktari alipopiga simu nilimjibu kwa neno lako. Kaka yangu alinipigia magoti, nikamjibu kwa neno lako. Padri alikuja, naye nikamjibu hivyo hivyo. Wote walinyamaza. Lilikuwa neno tamu." Akavuta pumzi kwa taabu. "Mbuzi hakufa, da Mastura."

"Twende hospitali. Nitakupeleka mimi, hata leo."

"Nimekwenda. Wamenipa dawa za maumivu." Akafumba macho. "Umeota nywele. Umenenepa. Ondoka, sitaki kuuona uzima wako."

Mastura alibaki amesimama. Andrea akamshika mkono juu ya kiwiko, si kwa upole, akamtoa nje na kufunga mlango.

Alirudi Pande jioni ile. Hakupika. Asubuhi alifunga mkoba wake, akavuka njia hadi kwa Zuhura, akamkuta Shamte anakunywa chai.

"Nakwenda kukatwa."

Shamte aliweka kikombe chini. "Ukirudi na kifua kama cha mwanamume, mimi sitakaa nawe."

"Kwani sasa unakaa? Hilo kalio lako limeota mizizi kwenye kiti cha dada yako."

"Nitakuacha, Mastura."

"Niache sasa hivi. Dada yako yuko hapa na jirani yule pale anachungulia. Mashahidi umekwisha pata."

Pengine Shamte hakukusudia. Lakini Zuhura alikuwa anamtazama, na jirani naye alikuwa amesogea karibu na uzio. Akaitamka talaka moja, kwa ile sauti yake ndogo.

"Ahsante," Mastura alisema. "Sasa nitauguza jeraha moja tu."

Alipofika hospitalini Daktari Faustino alikuwa kwenye mzunguko wa wodi. Walitazamana. Hakuna aliyeomba radhi. Daktari alipapasa kifua, akapapasa kwapa, akasema, "Umechelewa, lakini hujachelewa kabisa."

"Kata," Mastura akasema. "Na usinionyeshe meno."

Walimtoa ziwa lote pamoja na tezi za kwapani. Aliamka na kifua kimefungwa, mrija ukichuruza maji ya damu kwenye kichupa, na mkono wa kushoto mzito kama si wake. Majibu ya nyama iliyotolewa yalipokuja, daktari alikaa ukingoni mwa kitanda kumsomea. Ndani ya vile vitone vya wino, mahali ambapo mkono wake haukukuta kitu, palikuwa na mbegu za saratani zilizo hai. Zilikuwa chache, zimetawanyika, lakini zilikuwa hai.

Mastura akamgeukia.

"Mbona hukuniambia kwa nguvu?"

"Nilikuambia. Ukanifukuza."

"Ungerudi."

"Ningerudi ukanipiga kwa pweza?" Naima alikuwa amemsimulia.

"Ndiyo. Ungerudi upigwe."

Alipewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka, akarudi Pande. Akakuta nyumba haina mlango. Shamte aliubandua alipokuwa hospitalini, kwa hoja kwamba aliuchonga kwa mikono yake, akausimamisha ukutani kwa dada yake kama mtu aliyeshinda vita. Mbuzi walikuwa wamelala sebuleni. Naima alitaka kwenda baraza la kata. Mama yake alikataa. Alifagia kinyesi cha mbuzi kwa mkono mmoja, akatundika mkeka mlangoni, akakaa eda yake.

Eda ilikwisha. Shamte, ambaye chai ya dada yake ilikuwa imeanza kupungua sukari, alituma wazee wawili waseme maneno ya kurudiana. Mastura aliwakaribisha vizuri, akawapa kahawa.

"Mwambieni kwanza arudishe mlango," alisema. "Mengine tutayazungumza baadaye."

Shamte alikuja na mlango kichwani. Aliupachika vizuri, akautia mafuta bawaba, akauranda pale ulipogusa saruji; katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi kwa bidii kama siku ile. Alipomaliza, Mastura aliujaribu, akaufungua, akaingia ndani, akaufunga na kutia komeo.

"Mke wangu?" Shamte aliita kutoka nje.

"Eda imekwisha siku ya Ijumaa," sauti ikajibu. "Mimi si mke wako. Mlango ni mzuri."

Kijiji kizima kilicheka, na kwa mara ya kwanza kilicheka upande wa Mastura. Yeye hakushukuru. Aliwakumbuka wote waliosogea mbali kisimani, akawa anawataja mmoja mmoja kwa majina wakija kununua pweza, na bei yao ilikuwa juu kuliko ya wengine.

Yustina alifariki kabla ya mwaka kwisha. Mastura alikwenda Mingoyo mazikoni, ingawa alijua hatapokewa. Andrea alimwona tangu mbali, akamfuata barabarani.

"Rudi ulikotoka."

"Nimekuja kuzika."

"Ulikwisha mzika. Sisi tunafukia tu."

Watu walisikia. Mastura alisimama pale pale kando ya njia, nje ya ua, jua likimpiga, mpaka jeneza likatoka, likapita mbele yake kwenda makaburini. Hakusogea, hakufuata. Kisha akapanda basi.

Baada ya hapo alifanya jambo moja ambalo hakuwahi kulieleza. Alimpigia simu Daktari Faustino akamwambia: wanawake wa kusini waliomaliza dawa na hawajarudi, wale watakaokubali, ampe namba zao awapigie. Ilichukua muda, maana daktari alisema lazima aombe ruhusa kwa wakubwa wake, na kila mwanamke aulizwe kwanza. Wachache walikubali. Mastura aliwapigia. Hakubembeleza hata mmoja. "Wewe unajiona mjanja?" alikuwa akiuliza. "Nimeona wajanja wenzako. Nimesikia na harufu yao." Wengine walimkatia simu. Mmoja wa Likawage alibadilisha namba. Mmoja alimtukana kwa Kimachinga, Mastura akamrudishia kwa Kimachinga, wakatukanana mpaka salio likaisha, na wiki ile ile mwanamke yule akapanda basi kwenda kupasuliwa. Mwingine, aliyesikiliza kwa adabu mpaka mwisho na kusema "ahsante, da Mastura," hakwenda kamwe.

Utafiti ulipofungwa, Daktari Faustino alimpigia kumpa matokeo, kama walivyoahidiana siku ya karatasi. Mastura alikuwa uani, akimpondaponda pweza kwa gogo ili alainike, akitumia mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa ukivimba akiutumikisha.

"Waliomaliza dawa na kisu, mama, hali zao zinakaribiana, chochote kilichotangulia. Tofauti iko kwa walioanza dawa wakabaki nyumbani. Hao wengi tumewapoteza. Kwa hiyo sasa anayeanza dawa anapewa mtu wa kumfuatilia tangu mwanzo."

"Yustina mmemwandika wapi?"

"Siwezi kukuambia habari za mgonjwa mwingine."

"Amekufa huyo. Siri yake unamfichia nani?"

"Wasiorudi," daktari alisema.

"Na mimi?"

"Waliomaliza."

"Hakuna mahali pa kuandika nani alimwambia nani asirudi?"

"Hakuna, mama."

Mastura alitazama ng'ambo ya njia. Zuhura alikuwa dirishani, amesimamisha ufagio, anasikiliza.

"Basi utafiti wenu bado," alisema, akakata simu, akainua gogo.